Kucha ya Sita

Balwant Singh aliwadharau watu wengi, lakini aliyemdharau kuliko wote ni mtu anayevaa kitu kidoleni miaka kumi bila kukitazama hata mara moja. Bahati nzuri watu wa namna hiyo walijaa Nairobi, nao ndio waliomlisha.

Duka lake lilikuwa Bazaar Street, limebanwa kati ya duka la vitambaa la Mama Indu na la muuza viungo. Lilikuwa jembamba hivi kwamba mteja mnene akiingia, mwembamba ilibidi atoke. Baba yake, seremala wa reli kule Kisumu, alimwachia randa mbili na kikohozi. Randa aliziuza, kikohozi akabaki nacho. Kazi ya dhahabu alijifunza kwa sonara mzee wa Kisumu aliyemlipa kwa chapati na makofi, na kila chapati zilipopungua makofi yaliongezeka. Alipokwisha kujua alichotaka kujua, Balwant aliondoka bila kuaga, akapanda gari moshi daraja la tatu, akaja Nairobi na lenzi moja ya kukuzia, ndogo kama kifuniko cha chupa. Alianza chini ya ngazi za watu, akiunga hereni zilizokatika. Sasa, mwaka wa hamsini na sita, alikuwa na mlango wake mwenyewe, meza ya kioo, sefu ya chuma, na Were.

Were alikuwa mtu wa Butere, mabega kama kabati. Kazi yake ilikuwa kuvukuta moto, kusugua, kung'arisha, na kusema. Hakuna aliyemwajiri aseme, lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya bila kukosa hata siku moja.

Balwant alikuwa na sharti ambalo masonara wenzake walilicheka. Hakupokea pete yenye almasi mpaka mwenyewe aiweke chini ya lenzi, atazame, aseme kwa mdomo wake alichokiona na kimekaa wapi.

"Tazama kwanza," alikuwa akisema, akiisukuma lenzi juu ya kioo cha meza. "Halafu tutaongea kazi."

Hakuwa akiwafundisha watu. Hakuona faida ya kuwafundisha. Alichotaka ni kwamba kesho wasimgeuke. Almasi ilipikwa chini ya ardhi, kwenye moto na uzito ambao hakuna mtu aliyewahi kuuona, na kitu kikipikwa hivyo hakitoki bila alama. Moja ina chembe nyeusi, nyingine ina ufa mwembamba kama unyoya wa kifaranga, nyingine ina ukungu ndani kama pumzi ya mtu kwenye kioo asubuhi ya baridi. Zilizo safi kabisa zipo, lakini hazikuwa zikipita Bazaar Street. Wenye pete hawakutaka kulisikia hilo. Kila mmoja aliamini ya kwake ilidondoka kutoka mbinguni ikiwa imeshaoshwa. Wapo waliotazama wakalia, na wapo waliotazama wakasema lenzi ndiyo chafu. Karani mmoja wa posta, Odero, alitazama pete aliyouziwa na baharia Mombasa, akainua kichwa kwa majivuno.

"Bwana Singh, hii haina kitu. Safi kama maji!"

"Tazama tena."

"Nimetazama. Hakuna doa, hakuna ufa, hakuna kitu."

"Tazama mara ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo shida yake," Balwant akasema. "Hata soda huwa na povu. Baharia alivunja bilauri gani?"

Odero hakurudi tena, na Balwant hakumkosa.

Basi siku moja gari la kijani lilisimama nje, akashuka Memsahib Hagati, anayekaa Kilimani, kwenye zile nyumba ambazo nyasi zake zilinyolewa kuliko kichwa cha askari jela. Aliingia dukani akiwa ameshika sketi yake isiguse ukuta. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha mpishi; alikuwa na maneno ya kutosha kuagiza nyama na kufukuza mbwa.

"Wewe iko fundi ya almasi?"

"Ndiyo, Memsahib."

"Hii pete iko mzee sana. Nataka mpya. Kucha nne, nyembamba, dhahabu ya nyeupe. Mwanga nataka ingia kila mahali. Jumamosi iko dansi."

Balwant akaichukua. Pete ilikuwa ya dhahabu ya manjano, na jiwe limeshikwa na kucha sita, vile vidole vidogo vya dhahabu vinavyokunjwa juu ya jiwe lisianguke. Jiwe lilikuwa limevaa koti la mafuta ya uso, sabuni na unga wa keki ya miaka mingi. Akaliweka chini ya lenzi. Kucha tano zilikuwa nyembamba kama punje za mchele. Ya sita ilikuwa nene kama kupe aliyeshiba.

Akatabasamu ndani ya ndevu. Hakuna fundi anayeipoteza dhahabu kwenye kucha moja bila sababu. Chini ya kupe yule palikuwa na kitu.

"Tazama kwanza, Memsahib," akasema, akisukuma lenzi.

"Tazama nini?"

"Kama iko doa. Wewe ona, mimi ona. Halafu kazi."

Memsahib akamtazama kama mtu aliyeambiwa avue viatu barabarani. "Doa? Bwana yangu nunua hii Johannesburg. Hii hapana ya Bazaar. Wewe nataka tusi mimi?"

Balwant akalipima jambo lenyewe. Akisisitiza, mama huyu atarudi garini na kwenda kwa Wazungu wenzake Delamere Avenue, na kazi nzuri itapotea. Akinyamaza, kazi ni yake. Akaivuta lenzi na kuirudisha mfukoni, akalimeza sharti lake kama kidonge cha kwinini.

"Hapana tusi, Memsahib. Kazi itakuwa tayari Ijumaa."

Wakaingia kwenye bei, na hapo mama alionyesha kwamba alikuwa na maneno mengi zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Alivuta, Balwant akavuta, mpaka wakakubaliana kwamba dhahabu ya pete ya zamani itabaki dukani kama sehemu ya malipo. Mama akatoka akiamini amemfunga Mhindi. Balwant, Singasinga ambaye hakupenda kuitwa Mhindi lakini alipenda dhahabu, alimsindikiza mpaka mlangoni.

Were akaacha kusugua. "Bwana, leo umesema 'tazama kwanza' mara moja tu. Kwa Odero ulisema mara tatu."

"Odero hakuwa na gari. Vukuta moto."

Jioni ile akazifungua kucha moja moja, kwa kuziinua, kwani kuzikata ni kumwaga vumbi la dhahabu bure. Akaliosha jiwe kwa spiriti. Lilitoka likiwaka. Na pale karibu na ukingo, mahali kucha nene ilipokuwa imelala, palikuwa na chembe nyeusi, na nyuma yake ufa mwembamba uliopinda kama mkia wa kiluwiluwi. Tena jiwe lenyewe halikuwa duara kamili. Lilivimba upande mmoja, na fundi wa kwanza alikuwa amechonga kikao chake kuufuata uvimbe huo, hivi kwamba jiwe liliingia kwa njia moja tu, likigeuzwa kidogo haliingii.

Balwant hakulidharau jiwe. Jiwe halikumdanganya mtu. Akalivisha kucha nne nyembamba kama alivyoagizwa. Hakuna hata moja iliyotosha kuifunika ile chembe, na hakuna aliyemwomba aifunike. Pete ya zamani, kucha zake sita zikiwa wazi kama mkono wa mwombaji, akaitupa kwenye kopo la siagi chini ya meza, kulikokaa dhahabu chakavu ikisubiri kuyeyushwa.

Jumamosi dansi ikachezwa. Jumatatu asubuhi Were akaja kazini akicheka tangu mlangoni.

"Bwana, iko maneno Kilimani!"

Selpher, binti wa ukoo wake Were, alikuwa yaya kwa mama mmoja huko, na Jumapili alikuwa amesimama nyuma ya kiti amembeba mtoto wakati wanawake wanakunywa chai kwa Memsahib Hagati. Bosi wake Selpher alikuwa amekishika kidole cha mwenye nyumba aisifu pete mpya. Kisha akavaa miwani, akauliza kile cheusi ni nini, kama ni siafu aliyeingia ndani. Wote wakacheka mpaka vikombe vikalia.

"Memsahib akavua pete," Were akasema, akionyesha kwa mikono, "akafuta na kitambaa. Akafuta na sketi. Akatia mate! Selpher anasema alitia mate kabisa, mbele ya wageni. Doa haitoki."

Alitazama kama Balwant anacheka. Balwant hakucheka. Alikuwa amekwisha kuona gari la kijani likisimama nje.

Memsahib Hagati safari hii hakushika sketi. Aliibwaga pete juu ya kioo cha meza, na sauti yake ikatoka mpaka ng'ambo ya barabara.

"Wapi jiwe yangu?"

"Hii hapa, Memsahib."

"Hii hapana yangu! Yangu iko safi! Hii iko na... iko na dudu ndani! Wewe nabadilisha! Wewe mwizi!"

"Memsahib, hiyo dudu ilikaa hapo kabla Adamu hajavaa suruali. Ilikuwa chini ya kucha. Wewe ulisema nitoe kucha."

"Mwongo!"

Watu wakajaa mlangoni, na mbele yao wote Mama Indu wa dukani jirani, mikono tumboni, macho yakizunguka. Mama huyu alikuwa ameacha bangili nne kwa Balwant ziungwe. Alimtazama Memsahib, akamtazama Balwant, kisha akajipenyeza kando ya meza.

"Sardarji," akasema kwa sauti ya upole iliyomchoma kuliko ya yule mwingine, "nipe tu bangili zangu. Nimeona si lazima ziungwe sasa."

"Zimekatika, Mama Indu."

"Nitazivaa hivyo hivyo."

Akampa. Na Balwant akaelewa kwamba hiyo ndiyo hesabu nzima ya maisha yake, imeanza kufungwa mbele yake. Mtaji wa sonara si dhahabu iliyo kwenye sefu. Ni kwamba watu wanamwachia dhahabu yao, wanarudi nyumbani, wanalala usingizi. Sonara akisemwa anabadilisha mawe, hata mara moja tu, hata kwa uongo, afadhali afungue duka la viatu. Kufikia Ijumaa habari itakuwa imepita mitaani kote mpaka Ngara, na wanawake watakuwa wanazihesabu bangili zao kama kuku jioni.

Memsahib naye aliiona hofu, akaipenda. Akashusha sauti kidogo, kama mtu anayefanya hisani.

"Labda hapana wewe," akasema, akimnyooshea kidole Were. "Labda hii boi yako. Wewe sema ni yeye, mimi napeleka yeye polisi. Wewe, mambo yako kwisha."

Kitambaa cha kung'arishia kikasimama mkononi mwa Were. Miaka ile ya Hali ya Hatari Mwafrika akichukuliwa mchana, jioni hakuna aliyejua aulize wapi. Kila pembe ya mji palikuwa na askari akitaka pasi, na nyuma ya seng'enge palikuwa na nafasi siku zote.

Balwant akaipima ile bei. Hakuwa na haraka. Wa kusugua na kung'arisha hupatikana. Hata kesho wangekuja kumi. Wa kung'arisha asiyeiba vumbi la dhahabu kwa kulificha kwenye nywele zake, huyo hapatikani upesi. Tena duka likisema mfanyakazi wake ameiba, limekwisha kusema kwamba ndani yake huibiwa, na Mama Indu atafurahi kulimalizia mwenyewe. Bei ilikuwa mbaya. Memsahib hakujua kuuza.

"Hapana," akasema. "Pete iliingia mkono yangu, ikatoka mkono yangu. Kama mwizi iko, ni mimi. Lete Bwana yako. Lete polisi."

"Kesho nitaleta!"

"Na hiyo pete usisahau."

Gari likaondoka likirusha vumbi. Were akashusha pumzi ndefu mpaka kabati la mabega yake likashuka.

"Asante, Bwana."

"Asante ya nini? Nimepiga hesabu tu. Funga mlango, lete kopo la siagi."

Kopo hilo lilikuwa fitina ya zamani kati yao. Masonara wengine waliyeyusha chakavu kila wiki. Balwant hakuwasha moto wa kuyeyushia mpaka kopo lijae hadi ukingoni, kwa kuwa makaa yana bei. Were alikuwa akimcheka kwamba watu wengine hufuga ng'ombe, yeye anafuga kopo. Sasa walilimwaga juu ya kitambaa cheusi na kupekua hereni zilizovunjika, vipande vya mikufu, meno mawili ya dhahabu ambayo Balwant hakusema yalitoka wapi. Chini kabisa, kucha sita zikiwa wazi, ikalala pete ya Memsahib Hagati. Kucha ya sita, nene, ilikuwa bado pale.

"Ubahili wako umetuokoa, Bwana," Were akasema.

"Huo si ubahili. Ni akili. Ubahili ni kukulipa wewe."

Kesho yake wakaja wawili. Bwana Hagati alikuwa mrefu, mkimya, ofisa wa kahawa aliyekaa miaka mingi Kitale na Bungoma, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko cha watu wengi wa barabara ile.

"Polisi wako wapi?" Balwant akauliza.

"Polisi baadaye," Bwana Hagati akajibu upesi mno, na Balwant akaliweka jibu hilo akilini.

Mlangoni Mama Indu alikuwa amekwisha kuchukua nafasi yake, na nyuma yake muuza viungo na wengine wasio na kazi. Balwant hakuwafukuza. Akaomba pete. Mbele ya macho ya wote akainua kucha nne, akalitoa jiwe kwa kibano, akaliweka juu ya kitambaa cheusi. Kando yake akaweka lenzi. Kando ya lenzi akaweka pete ya zamani, na kuigeuza taratibu mpaka kucha nene ikaelekea upande wa Bwana Hagati.

Bwana Hagati akaitazama. Wekundu ukaanzia kwenye kola ukapanda mpaka kwenye upara.

"Singh," akasema, "tuzungumze sisi wawili."

Wakaingia nyuma ya pazia, penye mvukuto na harufu ya spiriti. Were akabaki amesimama mezani, mikono kifuani, akililinda jiwe, na Memsahib amesimama upande wa pili akijipepea.

"Ulijua?" Bwana Hagati akanong'ona.

"Tangu nilipoiona kucha. Na wewe?"

Mzungu akatazama chini. "Nilikuwa kijana. Mshahara wenyewe ulikuwa kicheko. Muuzaji aliniambia ataweka kucha juu yake, haitaonekana maisha."

"Hakukudanganya. Miaka mingapi haikuonekana?"

"Karatasi ya jiwe, iliyoitaja chembe, nilimwambia mke wangu imepotea."

"Nilidhani hivyo."

"Amewaambia watu wote wa Kilimani kwamba ni jiwe safi lisilo na mfano. Ukimwonyesha kwamba nilijua..." Akapapasa mfuko wa koti. "Nitakulipa. Taja."

Balwant akamtazama mtu huyu mzima, mwenye ardhi ya watu wengi chini ya saini yake, anayenong'ona kwa sababu ya chembe isiyofika ukubwa wa chawa. Wanaume wa namna hii walitawala nchi. Alihisi hamu ya kutema, lakini sakafu ilikuwa yake.

"Pesa haiungi jina, Bwana. Jina langu lilichafuliwa barabarani, kwa sauti. Litasafishwa barabarani, kwa sauti. Utasimama mlangoni kwangu, utasema kwa Kiswahili chako hiki kizuri kwamba jiwe ni lenu, halikubadilishwa, na mimi si mwizi. Wala boi wangu."

"Na wewe?"

"Mimi sitaliweka jiwe kwenye pete ya zamani mbele ya mke wako. Nitasema nini tena? Kazi ya kuliweka upya utalipa kama kazi mpya."

"Huo ni wizi."

"Basi twende tukamwite Memsahib atuamulie."

Bwana Hagati akakubali. Alikubali upesi kuliko mtu anayejua kununua, na Balwant akajuta hakuanza juu zaidi.

Balwant akafungua pazia, akatangulia, na jicho lake likaenda mezani kwanza. Jiwe halikuwa juu ya kitambaa. Lilikuwa limekaa ndani ya pete ya zamani, limeingia kwenye kikao chake mpaka chini, uvimbe wake mahali pa uvimbe, na kucha nene imesimama penye ile chembe hasa, kama kifuniko kilichoinuliwa juu ya sufuria. Kioo cha lenzi kilikuwa na ukungu wa pumzi ya mtu. Were alikuwa akitazama dari kwa makini, kana kwamba ameajiriwa kuilinda dari.

Memsahib Hagati hakuwa akijipepea tena. Alimtazama Balwant. Kwa mara ya kwanza ilikuwa kama amemwona.

Kwa kidole gumba Balwant akalisukuma jiwe litoke, likaanguka juu ya kitambaa, kabla Bwana Hagati hajainama kupita chini ya pazia.

Bwana akaenda moja kwa moja mlangoni. Akakohoa. "Sikilizeni," akasema, na barabara ikanyamaza, kwani Mzungu akisimama kwenye mlango wa duka la Bazaar Street kuhutubia si jambo la kila siku. "Kulikuwa na makosa. Jiwe hili ni letu, ndilo lile lile. Halikubadilishwa. Bwana Singh si mwizi, wala huyu mfanyakazi wake."

"Haijasikika huku nyuma!" Balwant akasema.

Akasema tena, kwa nguvu zaidi, shingo imemtuna. Kisha akaenda kusubiri garini, akivuta sigara ya haraka haraka.

Memsahib alibaki. Aliweka kidole juu ya kioo cha meza.

"Kucha nne," akasema polepole. "Nyembamba. Lakini moja..." Akaachanisha kidole gumba na cha shahada, kidogo tu. "Moja nene."

"Mwanga hautaingia kila mahali, Memsahib."

"Hapana neno."

Balwant akaifuta lenzi kwa pindo la shati, akaisukuma mbele. "Tazama kwanza."

Alifikiri atakataa, na safari hii asingempa njia. Mama akainama. Alitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

"Nyeusi," akasema. "Karibu na ukingo. Iko mkia."

"Ni yako?"

"Ni yangu." Akainuka, akazivaa glavu zake. "Bwana yangu hapana jua kitu hii. Wewe hapana ambia yeye."

"Mimi fundi tu, Memsahib. Mimi naambia nani?"

Akawatazama wakiondoka. Bwana alishuka akamfungulia mke wake mlango wa gari, na mke akamshukuru, wote wawili kwa adabu kubwa kupita kiasi. Hivyo ndivyo wangeishi sasa, kila mmoja akimfichia mwenzake doa lile lile, na pete kidoleni. Balwant hakuwaonea huruma. Aliona tu kwamba wamelipia kucha ile ile mara mbili.

"Ulimwacha Memsahib aguse jiwe," akamwambia Were.

"Bwana, mimi nilikuwa nalinda lisiibiwe. Kuwekwa mahali pake si kuibiwa." Were akachukua kitambaa chake, akasugua kidogo, kisha akaacha. "Bwana. Na kama lile kopo ungekuwa umeliyeyusha? Jana ungeniuza?"

Balwant akafikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

"Kwa bei ile, hapana."

"Na kwa bei nyingine?"

"Hakuna aliyeileta. Sugua."

Jua lilipoanza kuinama, kivuli cha mtu mnene kikaziba mlango. Alikuwa Mama Indu, amefunga bangili zake nne kwenye kitambaa cha hariri, na usoni tabasamu la mtu aliyetoka safari ndefu.

"Sardarji, nilijua tu! Nilimwambia kila mtu, mtu yule hawezi. Haya, ziunge. Tena nimekuletea na hiki kipini changu cha pua ukisafishe, almasi ya mama yangu mzaa mama."

Balwant hakuzigusa bangili. Akaitoa lenzi mfukoni, akaisukuma juu ya kioo.

"Tazama kwanza."

"Ah, Sardarji, mimi na wewe? Mimi jirani yako! Hiki hakina doa hata kidogo."

"Basi kivae hivyo hivyo."

Mama Indu akasimama akimkodolea macho, akitazama mlangoni kama kuna anayesikia. Walikuwapo watatu wamekwisha panga foleni nyuma yake, kila mmoja na kifurushi chake. Akashusha pumzi, akafumba jicho moja, akainama juu ya lenzi.

"Were," Balwant akasema, bila kumwondolea macho Mama Indu, "wasogeze hao watu nje. Humu hawaenei."